Nilivyoshindana na Buddha hapa Umoja

Mpwa wangu Mwende,

Natumai Kisumu kumekukubali. Huku sote tu wazima. Mamako amepona koo, na majirani wote wameshamsikia.

Umeniuliza umfanyeje mwenzako wa kazini anayesifiwa kuliko wewe. Umeuliza mtu anayejua, maana mimi nilishindana na Buddha mwenyewe.

Nilipokuwa na saiba, kile kiduka cha intaneti, hapa Umoja, watu walijaa kusikiliza hadithi zangu, wengine wakitoka Donholm. Basi akaja Mama Nduku na simu yake. Bintiye aliye ng'ambo alimwekea programu ya mawaidha ya Buddha, lakini herufi zilikuwa ndogo, haoni. Nikatia kwenye kompyuta kitu cha kuifanya ijidhani ni simu, ili programu yake ifunguke humo. Nairobi nzima hakuna mwingine aliyekiweza. Maneno yakatokea makubwa kwenye kioo cha kompyuta, naye akayasoma kwa sauti.

Tangu hapo nikianza hadithi naambiwa, "Anko, ngoja kwanza Mama asome."

Wivu ulinila. Mama Nduku alipapasa kioo kwa kidole kama simu, lakini ukurasa haukufunguka bila kipanya, na kipanya nilikishika mimi. Nikaacha kumfungulia. Akasoma neno lile lile wiki nzima, na watu wakasema kila siku linawaingia zaidi.

Mwishowe nikafungua ukurasa mpya kabla hajaniomba. Wivu haukuwa umeisha, Mwende. Nilitaka tu kujua linalofuata linasemaje.

Huyo mwenzako, hebu msikilize siku moja. Usimwambie nimekutuma.

Mjomba wako,
Kioko