Maneno ya Mwanga Uliyotuletea Kutoka Mlimani

Baba yangu, shikamoo.

Tangu tukulaze kaburini pale nyuma ya nyumba, kwenye migomba yako, nimekuwa nikiongea nawe kwa mdomo tu, nikikata majani ya ng'ombe au nikifagia uwanja. Leo nimechukua kalamu kwa sababu naogopa, na hofu hii sijampa mtu. Nikimwambia mama hatalala. Nikimwambia mume wangu ataanza kunitazama ninavyotembea, na hilo sitalivumilia. Wewe unaijua hofu yenyewe, maana uliishi nayo ukaificha mpaka ikakushinda.

Nakumbuka ulivyokuwa ukirudi kutoka kuwapandisha wageni mlimani. Baba za wenzangu walipitia Marangu Mtoni wakaleta mkate. Wewe ulileta mkate na neno. Yalianza kwa yule bibi mgeni mwenye mvi, aliyekuwa mwalimu huko kwao, aliyechoshwa na Kiingereza chako. Kwako theluji ilikuwa "shining", mwezi "shining", hata sufuria ya mpishi "shining". Njia nzima akakufundisha kwamba kila mwanga una jina lake, na wewe ukashuka umelewa hayo majina kuliko mtu aliyetoka kwenye pombe ya mbege.

Ulikuwa hujafungua hata kamba za viatu, nakuuliza, "Baba, umeleta nini?"

"Nimeleta glisten."

"Haya," mama anasema kutoka jikoni, "mlete huyo glisten tumtie kwenye mtori tuone kama anashibisha."

Ukanishika mkono ukanipeleka kwenye kahawa iliyomenywa asubuhi, bado ina utelezi wake. Ukasema glisten ni mng'ao wa kitu kilicholowa; kikikauka, neno nalo linaondoka. Glow ulinionyesha kwenye mafiga, moto ulipokwisha ndimi yakabaki makaa yanayojiwakia taratibu. Gleam ilikuwa sufuria ya mama baada ya kusuguliwa na majivu, na pia mlima wenyewe, Kibo, asubuhi ukifunguka mawingu. Kwa shimmer ulinisubirisha mpaka tulipokwenda Chekereni kununua mpunga, ukanionyesha joto likicheza juu ya barabara hadi miti ikaonekana kama inatetemeka. Nilikuwa mtoto mbishi. Nikakwambia hata Kiswahili kina kumeta, kumetameta na kumeremeta, ukacheka ukasema basi niwe tajiri wa pande zote mbili.

Ndiyo maana nikawa mwalimu wa Kiingereza, baba, wala sikusomea kwa bahati mbaya. Mwezi uliopita nilikuwa nafundisha maneno hayohayo kwa kidato cha pili pale Moshi mjini. Msichana mmoja akauliza, "Madam, hawa Waingereza wanasumbuka nini? Si yote ni kung'aa tu?" Darasa likacheka, nami nikacheka. Nikauliza nani anaweza kunitofautishia glitter na glimmer. Sikuona mkono hata mmoja. Nikaanza kuwasema, unavyonijua nikianza, kwamba wamelala, kwamba hawasomi. Ndipo sauti ikatoka upande wa kushoto, karibu kabisa na dirisha: "Madam, nimenyoosha mkono muda mrefu."

Nikageuza kichwa kizima ndipo nikauona ule mkono.

Nilimaliza kipindi. Sijui nilifundisha nini. Nikaenda ofisini nikakaa na hofu yangu, kwa sababu niliijua ile njia. Niliwahi kukuona wewe ukiipita. Ulianza kugonga bega kwenye matawi ya kahawa, upande mmoja tu, ukasema matawi yamerefuka. Ukateleza kwenye mfereji uliouvuka tangu utotoni, ukalaumu viatu. Kisha mlimani ukaacha kutangulia. Kiongozi mkuu, mtu uliyezoea kwenda mbele wageni wakikanyaga ulipokanyaga, ukasema sasa unapenda kukaa nyuma uwaangalie wanaochoka. Wenzako wakakusifu kwa utu. Kumbe ulikuwa unafuata visigino vyao.

Halafu ile asubuhi ya wageni wa kahawa. Ulikuwa umeshaacha kupanda mlima, unawapokea watalii nyumbani, unawaonyesha kuchuma, kumenya, kukaanga. Mimi nilikuwa kwenye kinu natwanga. Ukanyoosha mkono kule juu, ukatabasamu lile tabasamu lako la kazi, ukawaambia waangalie mlima ulivyo "gleaming" asubuhi hii. Wakaangalia. Kulikuwa na wingu tupu, zito, kuanzia msituni kwenda juu. Wakatazamana. Mwanaume mmoja, kwa adabu zake, akainua kamera akalipiga picha lile wingu.

Nikakusogelea nikakunong'oneza, "Baba, mlima umejifunika."

"Toka lini?"

"Tangu kulipokucha."

Ukageuka ukawahimiza wageni wanywe kahawa isipoe. Walipoondoka uliweka mkono begani kwangu tuingie ndani, na hukuliachia bega mpaka tulipofika kitini. Sikuwahi kukuona ukiogopa, wewe uliyebeba watu kwenye barafu. Jioni ile ukaniambia jambo ambalo sijalisahau: "Manka, mimi sikupofuka siku moja. Nilikuwa nakisia. Ukikisia vizuri kwa muda mrefu, unasahau kwamba unakisia."

Ilikuwa presha ya macho, na daktari alisema iko kwenye damu, watoto wote tupimwe. Tulipimwa, tukaonekana wazima, tukaambiwa tuwe tunarudi. Nilirudi kwa muda, kisha nikazaa, nikahamishwa shule, maisha yakanichukua.

Basi juzi nimekwenda, baba. Nilimwambia mume wangu kwamba nina kikao. Kliniki ya macho wana mashine kama bakuli kubwa jeupe, unaingiza uso ndani, unazibwa jicho moja, unapewa kitufe mkononi. Dada mhudumu akanieleza: "Mama, angalia katikati, usihamishe jicho. Ukiona kitaa kikimulika kokote, bonyeza." Taa ikazimwa.

Vikaanza vile vitaa. Kingine kinajitokeza wazi kabisa. Kingine ni glimmer yenyewe, kidogo mno, huna hakika kama umekiona au umekitamani. Jicho la kulia tukaenda vizuri. Tukahamia la kushoto. Baba, kukawa kimya. Weupe tu wa lile bakuli, na mimi natoa macho. Nikawaza chaki, nikawaza ngazi za shule, nikawaza binti yangu ambaye ana pua yako na paji lako la uso na sijui nini kingine chako. Hofu ikashuka mpaka kwenye kidole. Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Nikaanza kuhesabu mwendo wa mashine na kubonyeza pale ninapodhani taa inapaswa kuwa.

Taa ya chumba ikawashwa. "Mama, itabidi turudie," yule dada akasema kwa upole. "Umebonyeza mara nyingi wakati hakuna kitu."

"Umejuaje?" Nilimuuliza kwa ile sauti ya darasani, ya mwalimu aliyebishiwa.

"Mashine huwa inanyamaza makusudi, haitoi taa, ione kama utabonyeza. Wengi wanafanya hivyo, mama, usione aibu. Lakini ukituficha hatutajua pa kukutibia."

Nikaomba dakika moja. Nikasimama koridoni nimeshika ukuta. Nilikuona wewe pale uwanjani kwetu ukilionyesha wingu, na kwa mara ya kwanza sikukuhurumia tu, nilikuelewa. Hukuwa unawadanganya wageni. Ulikuwa unaomba mlima uwepo.

Nikarudi nikaingiza uso. Kikitokea kitaa nabonyeza, kisipotokea nangoja, na kungoja huko ndiko kugumu kuliko kazi yoyote niliyowahi kufanya. Upande wa kushoto ukakaa kimya muda mrefu sana. Machozi yakanitoka, sikuyafuta, kidole kikabaki juu ya kitufe.

"Mama, bado upo?" yule dada akauliza.

"Nipo," nikasema. "Sioni kitu."

Daktari amesema kilichopotea hakirudi, ila kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, kila siku, maisha yote, na nimeanza. Amesema pia binti yangu aletwe. Kwa hiyo siwezi tena kulificha jambo hili kama ulivyolificha wewe, hata nikitaka. Na ninataka, baba. Usiku nafumba jicho la kulia najipima kwenye dirisha, kisha naogopa kulifumbua, nisije nikaona ni kiasi gani kimepotea.

Nimekuja nyumbani Marangu leo, naandikia hapa kwenye benchi lako. Mama yuko jikoni anamenya ndizi, ameshaniita mara mbili nami najifanya sisikii. Nakuaga hapa, mzee wangu. Pumzika, wala usijilaumu kwa damu uliyonipa. Ndiyo hiyohiyo iliyonipa na maneno. Nanyanyuka sasa nikamwambie mama.

Ni mimi, kitindamimba wako,
Manka