Baba Hataki Kuwa Kijana

Nakuru

Mama mpendwa,

Pokea salamu za kifungua mimba wako, dereva wa trela anayejulikana kutoka Mombasa hadi Lubumbashi. Goti linasemaje? Na yule ng'ombe mwekundu, ameshazaa ama bado anaringa? Sisi tunapumua, ila tumechoka. Baba akitoka kuoshwa damu namshika mkono kama mtoto, na mimi nimelalia benchi la hospitali mpaka mgongo umekuwa ubao.

Naandika kwa sababu haya hayasemeki kwa simu Baba akiwa kando yangu.

Figo yangu imepatana na mwili wake. Si nilikuambia mimi ni mali safi? Lakini siku hizi madaktari wana kompyuta ya akili bandia. Wanaipa umri wa mgonjwa, moyo, sukari, nayo inakadiria kama mzee atastahimili upasuaji. Kwa Baba ikasema kwa umri wake hatari ni kubwa mno.

Daktari akashangaa. "Mzee, mishipa yako ni ya mtu mdogo. Hiki kitambulisho kinasema ukweli?"

Baba akatazama dari.

Nje nikambana. Kumbe alijiongezea miaka ndiyo aandikwe kazi ya reli.

"Si umwambie daktari basi!"

"Na mama yako akisikia?"

"Asikie nini?"

"Nilimuoa nikisema mimi ndiye mkubwa. Piga hesabu, wewe mjuaji."

Nikapiga, hata na shule yangu ya kuruka ukuta. Mama, pole. Wewe ndiye mkubwa. Miaka yote akikuambia "heshimu umri," alikuwa mtoto wa juzi! Nilicheka, halafu machozi yakatoka. Huyu mtu ni afadhali afe mzee kuliko apone akiwa kijana mbele yako.

Nilimrudia daktari peke yangu. Akasema mashine inashauri tu, jopo lao ndilo huamua, lakini habadilishi umri kwa mdomo wangu. Anataka mtu aape mbele ya wakili. Nikamkumbuka bakoki wa Baba, Mzee Wanjala: walizaliwa msimu mmoja, wakaingia jando siku moja. Tafadhali mlete kabla ya Jumatatu, siku jopo litakapokaa.

Msalimie dada yangu muuza omena, na mjomba anayepiga ngoma kanisani, aipige kwa nguvu tumsikie huku.

Na ukija, usimgombeze Baba bado. Ngoja ashonwe, apone. Hapo mpigie kelele utakavyo. Figo itakuwa yangu, na yangu imezizoea kelele zako.

Mwanao anayekupenda,
Wafula