Farasi Niliyemzika Chini ya Jiwe

Shangazi Orie,

Pole na kazi. Mimi si mtu wa kuandikia magazeti, bibi yangu ndiye anayekusoma kila Alhamisi kisha anafungia samaki kwa ukurasa wako, lakini nimechoka, tena si uchovu wa kulala ukaisha, ndiyo maana nimeshika kalamu, na mwandiko unisamehe, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na sita, mikono hii inajua spoku kuliko herufi.

Mimi ni fundi baiskeli, na bila kujisifu, ukingo mzima wa mto huu hakuna anayenyoosha ringi kama mimi, na mdomo pia ninao, hata mteja aliyekuja kujaza upepo tu anasahau kuondoka. Sasa kila mwaka darasa la tatu hufanya matembezi ya mtaa, wanapita na kofia zao za njano na vibao vya kuandikia, wanauliza wenye maduka habari za zamani, na mwaka huu mwalimu wao ni mgeni, Mwalimu Nagakura, kahamishiwa hapa Aprili, hajui hata kichochoro cha kwenda posta. Wakafika kwangu kundi la tano siku hiyo, nina njaa, na binti mmoja, Chinami, akanyooshea kidole lile jiwe la kale lililosimama kando ya duka. "Kaka Baiskeli, hili jiwe la nini?"

Ningesema sijui. Neno dogo hilo, Shangazi, lakini lilinikwama, maana nimekua ubavuni mwa jiwe hilo na sijawahi kulisoma, maandishi yake ya kizamani na mimi ndiyo hivyo tena. Nikasema, "Kaburi la farasi. Kurobei. Alivuta mikokoteni ya chumvi mteremko huu, na siku moja akapigana mieleka na dubu."

"Nani alishinda?"

"Wewe umeona wapi mtu akasimamishiwa jiwe kwa kushindwa?"

Wakaandika. Mwalimu naye akaandika.

Najua utasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ina miezi miwili na bado natembea. Wanakuja kila siku wakitoka shule, wanataka mke wa Kurobei, watoto wa Kurobei, Kurobei alikula nini, nami nabuni huku natia viraka, mpaka farasi mwenyewe nimemchukia. Wanaweka karoti kwenye jiwe. Wamechora ramani kubwa ya mtaa, Jumamosi ya tarehe kumi na nne wazazi wanakuja darasani kuitazama, na katikati yake kasimama Kurobei, shingo nene kama nguzo.

Wiki iliyopita wakalibandika jiwe karatasi, wakaisugua kwa mkaa mpaka maandishi yakatoka meupe, Chinami akaniletea. "Tusomee. Mwalimu kasema tuanze na wewe, wewe ndiye mjuzi."

"Miwani nimeisahau."

"Lakini wewe huvai miwani."

"Ndiyo maana naisahau. Iache, njoo kesho."

Jioni nikaitandaza mezani. Bibi yangu, Yasu, akaja na supu, akaitua, akagusa karatasi kwa kidole. "Maji yalifika hapa," akasoma. "Usingoje hapa. Panda hekaluni." Chini yake majina saba ya waliochukuliwa na maji, la mwisho Eikichi, mdogo wake bibi, miaka minne. Jina hilo sijawahi kulisikia nyumbani. Kumbe kila Agosti anapolisugua jiwe lile kwa brashi, mimi nikidhani ni mambo ya wazee, alikuwa anamwosha mdogo wake. Kisha akasema, "Watoto wa siku hizi wana utu. Nimeona wanamletea karoti. Naye karoti alikuwa hazitaki kabisa," akacheka, na mimi supu ikanishinda.

Kesho yake Chinami akaniambia, "Mto ukijaa sisi tutakimbilia kwa Kurobei, ana nguvu." Na wameshaiandika kwenye ramani.

Nikisema, bibi atajua karoti zilikuwa za nani. Nisiposema, watoto watasimama palepale maji yalipofika. Au ninyamaze, si watasahau wakifika darasa la nne?

Fundi wa Chini ya Mteremko

---

Fundi,

Jina la kujificha gani hilo. Chini ya mteremko fundi yuko mmoja. Nakala ya jibu hili nimekutumia kwa posta ikufikie Jumatatu, maana bibi yako hunisoma Alhamisi, na haifai habari za farasi azisikie kwangu kabla yako. Ulijua hivyo ulipobandika stempu. Moyo wako umeshaamua, umebaki mdomo, ule unaousifu.

Hawatasahau. Wewe mwenyewe hujasahau lolote uliloambiwa ukiwa na miaka minane, hasa la uongo.

Pole kwa uchovu. Kusema hujui si aibu, na hao watoto wametumwa kuuliza, hawakutumwa kukupima darasa. Mwalimu naye nina neno lake: habari ya mdomo mmoja haiandikwi kwenye ramani, mtu wa pili naye aulizwe, hasa anayeonekana na brashi kila Agosti.

Anza na bibi. Jumatatu hiyohiyo, baada ya kula, mwambie yote, pamoja na dubu. Usijitetee kwa njaa. Akinyamaza, nawe nyamaza, osha vyombo. Jumanne asubuhi mpelekee mwalimu ile karatasi, mkononi, usimpigie simu. Kisha simama mbele ya watoto, kando ya jiwe, useme, "Niliwadanganya." Watakuzomea, na ni haki yao. Wasomee wewe, ukiwa umefundishwa na bibi yako neno kwa neno. Halafu pandeni wote mpaka hekaluni, wahesabu hatua, waziandike pale walipoandika nguvu za farasi. Kurobei asifutwe; achorwe pembeni, na chini yake jina la aliyembuni.

Bibi yako ataumia, sikufichi. Lakini ameishi miaka yote hiyo bila mtu wa kumuuliza habari za Eikichi. Basi muulize. Na karoti ziondoe. Muulize mtoto yule alipenda kula nini, umwambie Chinami, ndicho kipelekwe.