Boga la Mama Yako

Wanjiku wangu,

Hapa Kimana tuko salama. Vitunguu vimetoka vizuri, na mguu wa guka, babu yako, umepona. Unauliza kama ni sawa mtoto wako ashike chakula na kujilisha mwenyewe, ama umlishe na kijiko. Hata mimi nimechanganyikiwa.

Mama yako akiwa wa miezi nane alikataa uji. Nilimbana mikono nikamnywesha kwa kiganja, vile nilifanyiwa mimi, akatema wote. Siku moja niliacha boga lipoe nimpondee. Nilipogeuka, nilimpata ameingiza mkono kwa sufuria, amejipaka boga mpaka masikio, anakula bila kulia. Nikamnyang'anya, nikamwosha, nikarudi na kijiko. Akafunga mdomo.

Jirani yetu Mmaasai, Mama Naisiae, alikuwa ameleta maziwa kwa kibuyu. Akacheka.

"Huyu hajakataa chakula. Amekataa mkono yako."

Nilikasirika hata nikasahau kumrudishia kibuyu chake. Lakini boga nilimrudishia mama yako, nikakaa karibu nikimchunga asipaliwe.

Mpaka leo najiuliza: siku hizo zote nilikuwa namlisha ashibe yeye, ama nitulie mimi?

Ni mimi, cucu wako.