Aliyemtuma Idah

Kisumu Ndogo,
Malindi.

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na mvua imewakumbuka huko Ganze. Sisi hapa hatujambo. Tangu shule zifunguliwe nashona sare mpaka vidole vinauma. Nimeona nikuandikie na kumpa Kazungu akuletee, maana kwenye simu ungenikatiza kabla sijafika katikati. Unajijua.

Habari kubwa, mama, ni kwamba nimepata usingizi. Utacheka, lakini nilikuwa nimeupoteza.

Unakumbuka Mutuku, yule kijana wa bara, fundi wangu wa kuchomelea mageti, alivyoomba wazee wake waje kwetu, nami nikakupigia kukwambia tungoje kwanza. Sababu sikukwambia. Jumapili moja katikati ya ibada, Mama Idah, yule anayetoa unabii, alinijia akaniwekea mkono kichwani. Alisema Bwana amemwonyesha kwamba nikiolewa na mtu wa bara nitapotelea huko, na kwetu hawataniona tena. Watu wote wakaitikia amina. Kilichonimaliza ni jina. Kanisani mimi ni Charity, hawanijui kwa lingine. Idah aliniita Kahonzi. Nikajiambia, jina la nyanya yangu mzaa baba, hapa mjini nani alijue ila Mungu?

Basi nikakonda. Mutuku alipouliza amekosa nini, nilimsingizia kazi za sare, kwani utamwambiaje mchumba wako kwamba Mungu hamtaki? Naye hakununa. Aliendelea kunitekea maji, anaweka mtungi mlangoni na kwenda zake. Afadhali angenitukana.

Sasa kanisani tuna mwalimu wa Biblia, Mwalimu Cherop, mama wa bara, mpole lakini hapitwi na neno. Juzi alitufundisha neno la Kiebrania, nabi, ambalo ndilo nabii wetu huyu. Alisema sisi tukisikia nabii twadhani ni mtu wa kuona ya kesho. Wenye elimu wangali wanabishana juu ya asili ya neno lenyewe, lakini tulitazame linavyotumika. Musa alipolalamika kwamba ulimi wake ni mzito, aliambiwa nduguye Haruni atakuwa kinywa chake, na mbele kidogo akaambiwa Haruni atakuwa nabii wake. Kwa hiyo, alisema, nabii ni kinywa cha aliyemtuma, na kabla ya kutetemekea maneno yake ni haki yetu kuuliza ametumwa na nani.

Mama, nusura nicheke mbele ya watu. Si ndiyo kazi ya baba mdogo Randu? Akienda kuwaposea vijana wetu, wenyeji wakisikia neno gumu humwuliza, hilo umetumwa au ni lako? Naye haruhusiwi kukasirika. Mshenga akikasirika, wazee hujua ametia chumvi yake.

Nikabeba sukari, nikaenda kwa Idah, nikamsalimu vizuri, kisha nikamwuliza vivyo hivyo, kwa Kigiriama. Nilidhani atanifukuza. Lakini naye ni mtoto wa kwetu, swali hilo analijua. Alisema aliomba kwa moyo safi na akadhani ni sauti ya Bwana. Ila maneno yale, alikiri, alikuwa ameyasikia kwanza kwa mwanamke mmoja aliyelia mbele yake, siku alipokuja Malindi kutibiwa goti. Aliniomba radhi, nikampa. Jina la huyo mwanamke sikumwuliza.

Mama, ni wewe.

Sijakasirika. Nilitoka pale mwepesi kama niliyetuliwa gunia la mahindi kichwani. Neno la Mungu ningelipingaje? Lakini hofu yako naijua ilikotoka. Dada Caroline aliolewa bara, simu zake zikawa chache, kisha zikakoma. Nawe ulibaki ukiniambia Mutuku ni kijana mzuri, na huku unalia kwa watu baki. Nimekuonea huruma, nami nakupenda sana.

Sasa nimewaambia wazee wake waje Jumamosi ijayo. Ya ukoo atayasema baba mdogo Randu. Lako wewe lisitafutiwe mshenga. Mwite Mutuku jikoni, umwambie kwa kinywa chako kwamba unaogopa kunipoteza. Jibu lake ninalo, na kama ungelijua ungeanza kusaga mahindi ya harusi leo. Lakini silisemi hapa. Mimi si nabii wake, mama. Atakujibu mwenyewe.

Mpe baba shikamoo yangu, na majirani wote uwaambie nawakumbuka. Goti lipake ile dawa, usiwape kuku.

Ni mimi mwanao,
Kahonzi