Sauti ya Mama Injini

Mpendwa mshauri, nisaidie kabla sijaondoka, maana nimemficha kila mtu jambo moja: Mama Injini alikuwa mke wangu.

Nilikuwa mkuu wa kituo cha kuwapima marubani na waongoza ndege Kiingereza chao cha redioni, na kabla ya mtihani kila mmoja alivaa hedifoni akasikiliza kanda ya kuzoesha masikio tu, isiyo na maksi, ambamo mwanamke anasema kwa utulivu kwamba injini moja imezimika na anaomba kutua, ndiyo maana wakambandika jina Mama Injini, wakiamini ni rubani wa nchi za mbali, kumbe ni fundi cherehani ambaye hajawahi kupanda ndege, niliyemrekodi ndani ya kabati la nguo ili mwangwi usiingie, huku akinung'unika, "Baba watoto, injini imezimika, na bado nibanwe na makoti yako?" Alipofariki, kamati ilitaka kanda mpya, nikakataa, nikasema mwendo wa sauti ile hauna mfano, wakaziamini mvi zangu. Sasa moyo umechoka na daktari hanifichi, nimeishi vizuri, sina kinyongo na mtu, ila nasikia mitambo inabadilishwa wiki hii na kanda za zamani zinatupwa, na mkuu wa sasa ni mwanafunzi wangu anayenijua kama mtu wa kanuni, nitamwombaje kanda hiyo bila kuaibika?

Mzee wangu, shikamoo. Pole kwa maradhi, na hongera kwa kupendwa na mwanamke mcheshi. Lakini acha kuzungukazunguka! Kamati uliizuga, ndiyo. Mtihani haukudhurika, kiri yaishe. Miaka yote umewafundisha watu kwamba rubani mwenye shida hapambi maneno: anataja shida, anataja anachotaka. Wewe umekwama wapi? Mpigie mkuu huyo leo, kabla hujanywa chai. Akicheka, cheka naye. Kisha utuambie.

Mshauri, nimempigia. Hakucheka. Alisema, "Mwalimu, kanda nakuletea mwenyewe jioni. Ila kila kanda ilipochezwa tulikuona nawe umevaa hedifoni, umefumba macho. Ulikuwa unafanya nini?"

Nikamwambia ukweli. Hata siku zisizo na mtahiniwa nilijifungia chumba cha mtihani, nikavaa hedifoni, akaomba kutua, nami nikamjibu: "Uwanja uko wazi, mama watoto. Tua."