Wanataka Chelangat Achechemee Tena

Mpendwa Mama Jerusa, nisikilize kwanza, kugombeza utanigombeza baadaye, maana hata mimi nimejigombeza nikachoka.

Ninafanya kazi katika shirika dogo hapa Ndanai linalosaidia watoto waliozaliwa na miguu iliyopinda, tunawalipia plasta na viatu vya kunyoosha, na kazi yangu ni kuandika habari na kupiga picha ili wafadhili watukumbuke, na kwa muda mrefu nilikuwa natuma idadi ya watoto wote na michoro yenye rangi na hakuna mtu alijibu, mpaka mkurugenzi wetu, Benard, akanipeleka semina Kericho tukafundishwa mambo ya ubongo, kwamba ubongo wa binadamu haushiki umati, unashika uso mmoja, na mtu akifungua simu kama hujamgusa papo hapo kidole kishapita. Basi nikarudi nikampiga video msichana mdogo, Chelangat, akishuka kwa mama yake katikati ya majani chai, anachechemea na gambuti za kaka yake, na Mama, hiyo video ilifika mahali sisi hatujawahi kufika, watu wakachanga, watoto wengi wakatibiwa, Chelangat akiwa wa kwanza.

Sasa Chelangat amepona, anatembea vizuri, ameanza shule, lakini michango imekauka, na Benard anasema wafadhili wameizoea ile video, ubongo ukizoea kitu hauoni tena, kwa hivyo anataka nyingine yenye uso uleule wanaoujua, achechemee kidogo tu, Jumamosi hii. Nikaenda kwa mama yake, Janeffer, na kabla sijasema lolote akanimiminia mursik, yale maziwa ya kibuyu ambayo kwao Wakipsigis hupewa mgeni wa heshima, na mimi mtu wa upande wa ziwa, nisiye wa kwao, nikajisikia nyumbani kabisa, nikaeleza haja yangu, akainamisha kichwa, akanijazia kikombe tena, nikachukua kwamba amekubali. Wakati wa kuaga nikamkuta Chelangat nyuma ya nyumba akichechemea, anaenda na kurudi, akaniuliza, "Anti, ni hivi?" Mama yake alimwona, akaingia ndani bila kuniaga.

Mama, nimeumia. Lakini nikikataa, kuna watoto wanangoja plasta na wazazi wao wananipigia simu kila mara, na Benard naye sijui atanichukuliaje. Nifanye nini?

Syprose, Ndanai

Syprose dada yangu, pole. Najua huna nia mbaya, mwenye nia mbaya hangeniandikia.

Lakini wewe umeishi na Wakipsigis muda wote huo na hujajua mursik hupewi kwa sababu umekubaliwa? Unapewa kwa sababu umefika. Janeffer angekumiminia hata kama ungekuja kumletea habari mbaya. Tena wewe ndiye uliyefanya mtoto wake atembee, sasa atakuambiaje hapana mbele ya uso wako? Kikombe kilikuwa heshima. Jibu lilikuwa kile kichwa alichoinamisha, nawe ukaendelea kunywa.

Mambo ya semina si uongo, hata mimi uso mmoja hunigusa kuliko hesabu. Ila mlisomea ubongo wa mfadhili mkasahau kwamba Chelangat naye anao. Mwili wake umehangaika kujifunza kukanyaga sawasawa, na leo mnamrudisha nyuma, mkimfundisha kwamba watu humpenda akiwa mgonjwa. Na huyo mfadhili akigundua alimlilia mtoto aliyepona, hilo hatalisahau haraka. Aibu, Syprose, na Benard umwambie nimesema aibu.

Jumamosi usipige chochote. Mwone Benard ana kwa ana, usimtumie ujumbe, umwambie huo ni udanganyifu na hutaufanya. Akitaka uso mmoja, mtafute mtu mzima aliyekua na mguu kama huo, anayeweza kusimulia mwenyewe, na awe huru kukataa kweli. Siku nyingine ukiomba ruhusa, omba kisha uondoke, jibu mzazi aulizwe na jirani ambaye hana deni la shukrani kwake. Michango inaweza kuchelewa, sikudanganyi, na hao wazazi wanaopiga simu waambie hivyohivyo. Wakati huo ingieni makanisani na kwa vikundi vya wakulima wa hapo kwenu, watu wanaowajua hao watoto kwa majina. Mmewasahau kwa sababu hawako kwa simu.

Halafu rudi kwa Janeffer. Useme wewe kwanza kwamba hakuna video, na ile ya zamani inaondolewa, usimngoje akuombe. Usiishie kwake. Muite Chelangat umkalishe kama mtu mzima, kwa sababu huyo mtoto anafikiri kuchechemea ndiyo namna ya kuwalipa, na hakuna mwingine ila wewe anayeweza kumwambia kwamba hana deni lolote kwenu.

Mama Jerusa